Stima Ikirudi, Kadi Icheze Chini

Kaa hapa kando kidogo nikuchanue kabla ununue token ingine.

Kadi yako ya grafiki ni kali, hakuna ubishi. Inachapa gemu. Inarenda video ya harusi ya masaa matatu bila kulia. Lakini kuweka kitu kwa kichwa, zii. Jioni unaiambia isipitishe wati 130. Inakubali. Feni zinanyamaza, keja inapoa, hadi unaskia redio ya jirani. Alafu stima inahepa. Stima inarudi. Mashine inawaka na kadi iko pale kwa wati 170, ni ka hamjawahi bonga maisha yenu yote.

Msee wa Berlin anaweza ishi na hiyo maneno. Mashine yake inazima akiamua. Ya kwako inazima transfoma ikiamua. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya mzima iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Novemba 11 mwaka huo huo, tena. Desemba 10, tena. Na hizo ni zile kubwa zenye zilifika kwa habari. Za mtaa hakuna mtu huandika: token imeisha saa nane usiku, jirani amechomeka heater na pasi kwa extension moja, swichi ya ploti imeruka. Kila moja ya hizo ni riboti. Na kila riboti, kadi inaanza maisha upya.

So rieng ya leo ni hii: limit ya wati isikae kwa kichwa yako. Ikae kwa mashine, pale pale mashine inaamkia, ndio ijisetie hata kama we bado unatafuta simu gizani.

Uliza mzee yeyote kwa nini kompyuta inapiga kelele. "Ni virusi." Feni inalia? Virusi. Token inaisha? Virusi. Skrini imezima juu ploti mzima imezima? Hiyo sasa ndio virusi kabisa. Wacha wapige stori zao. Si tuko na mboka.

Kwanza tumalize kitu moja, juu kuna msee ataskia "kupunguza wati" adhani ni kuishiwa. Buda, form ya wati mob ilipitwa. Kuna kitambo flex ilikuwa kesi ya glasi, mataa rangi saba, feni tisa, keja inawaka ka matatu ya Rongai. Saa hii ukileta hiyo design mbogi inakucheki tu, inanyamaza. Flex ya sasa ni mashine inachapa na haiskiki. Uko kwa Discord, maiki imewaka, beshte anauliza kama kweli uko kwa gemu juu haskii feni. Hapo umeomoka. Kinyume yake ni aibu tupu: unabonga na manzi kwa simu, kadi inaanza kupiga filimbi, anauliza uko airport ama uko wapi.

Na usinianzie na RTX 5090. Ilitoka Januari 2025, bei dola 1,999, wati 575. Hiyo ganji, hata kabla ya ushuru na kabla ya msee wa kukuletea aongeze yake, inanunua nduthi mpya na change inabaki. Na kila wati inaingia kwa kadi inatoka ikiwa joto, yote, hakuna yenye inapotea. Wati 575 kwa bedsitter ya Roysambu yenye dirisha moja, na hiyo dirisha inaangalia ukuta wa ploti ingine? Utarenda ukiwa kwa vesti.

Kadi za mtaa ni zingine. Kuna RTX 3060, ilitoka 2021, gigabaiti 12, wati 170. Kuna RX 580, ya 2017, wati 185, mzee wa kazi, bado inazunguka Luthuli ikibadilisha wenyewe. Hizi ndio mashine za watu wanakata video, wanachora 3D, wanachapa FIFA usiku. Na hizi ndio zinaitisha kubanwa kidogo.

Sababu iko kwa chipu yenyewe. Stima yenye chipu inakula inapanda na spidi, lakini kwa voltaji inapanda kwa skwea: ongeza voltaji kidogo, bill inaruka. Na zile megahezi za mwisho kabisa, zile za kuringia tu, ndio zinadai voltaji mob. Kiwandani wanaiwachilia hadi huko juu ndio ishinde kwa chati za watu wa review. Ukikata robo ya wati, hupotezi robo ya fremu. Unapoteza chache, na macho yako haitajua. Joto ndio inashuka ukiskia, na kelele inaifuata.

Twende kwa token, juu najua ndio unangoja. Chukua 3060 ikichapa full, masaa sita kwa siku, siku 30. Wati 170 mara sita ni unit moja na kitu kwa siku. Mwezi ikiisha kadi peke yake imekula unit 30.6. Sasa shika hii: tangu 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya wale hawapitishi unit 30 kwa mwezi. Yaani kadi pekee, bila taa, bila friji, bila chaja ya simu, imekumalizia hiyo nafasi. Ibane kwa 130 inakula 23.4. Umeokoa unit saba na kitu. Tuseme unit ni bob 30, hiyo ni soo mbili na ndururu. Mwenye 3080, wati 320, akiibana kwa 230, anaokoa unit 16 na kitu, karibu soo tano. Soo tano ni data. Soo tano ni nyama choma robo na soda. Hakuna mtu anaokota hiyo barabarani.

Lakini token si ngori kubwa. Ngori kubwa ni UPS. Zile ndogo za 650VA, zenye kila mtu ako nazo chini ya meza, nyingi zimeandikwa wati 360 hivi. Weka kadi ya 170, prosesa yake, monita, na vile hizi kadi hurukaruka juu ya limit kwa sekunde ndogo ndogo, uko kwa ukingo. Stima ikienda katikati ya gemu, UPS inapiga kelele mara mbili na inadedi na wewe. Kadi ikiwa imebanwa, unapata dakika za kusevu kazi na kuzima ka mtu mstaarabu. Sasa cheki mtego: blakauti ya kwanza kadi ilikuwa 130, ukaokoka. Stima ikarudi, mashine ikawaka, limit ikapotea, hukujua. Blakauti ya pili, lisaa limoja baadaye, kadi iko 170 na UPS imebaki nusu betri. Umelala na project ya client. Hiyo ndio maana nasema kuibana bila kuiweka ikae ni kazi ya nusu.

Na wale wa ploti zenye mita ni moja, mnashare token na majirani wanne, nyinyi mnajua siasa yake. Mathe wa nyumba namba tatu ashaamua ni wewe. Hana ushahidi, ako na friji ya 1990, lakini ni wewe. Juu ya virusi.

Kwa nini kadi inasahau? Limit yenye umeweka inakaa kwa draiva na kwa memori ya kadi yenye inaishi tu stima ikiwa. Kadi ikiwaka upya inasoma BIOS yake, ile imechomwa kwa chipu kiwandani, na huko imeandikwa 170. Basi. Haijakudharau, inasoma tu karatasi yenye iko nayo. Na wacha niwape Nvidia na AMD haki yao: hii ilifanywa makusudi, na ni poa. Ukiweka namba ya ufala mashine igande, unazima, unawasha, kila kitu kimerudi sawa. Kadi yenye ingekumbuka ufala ingebaki fala milele.

Kuna wasee walitaka ikumbuke milele, na waliipata. Watu wa kuchimba Ethereum. Walikuwa wanaflashi BIOS ya RX 470, 570, 580, wanaandika voltaji na spidi zao ndani ya chipu yenyewe. Alafu Septemba 15, 2022 Ethereum ikaacha kuchimbwa na kadi, biashara ikafa siku moja, na hizo kadi zikamwagwa sokoni dunia mzima. Zingine zilitua Nairobi na karatasi ya nailoni mpya, zikiitwa "ex-UK, haijatumika sana". So ukinunua RX 580 ya mkono wa pili na haikubali setingi zako, inajiamulia namba za ajabu, inakwama kwa gemu lakini kwa desktop iko fiti, shuku BIOS kwanza. Zingine ziko na swichi ndogo kwa ukingo wa kadi, upande mmoja BIOS moja, upande wa pili ingine. Zima mashine, sukuma swichi, washa. Mara mingi upande wa pili hakuna mtu aliugusa. Lakini usianze kuflashi mwenyewe ndio uokoe wati 40. Stima ikienda katikati ya kuflashi, umebaki na kipande ya plastiki ya kuringia. Na kwa Nvidia za kisasa BIOS iko na sahihi ya kiwanda, kadi haiwaki na ile umechora chora.

Njia ya watu wako rada ni kuambia mashine iiambie kadi, kila ikiamka.

Ukiwa Linux na Nvidia, hii ni ya dakika chache. Andika nvidia-smi -q -d POWER kwanza. Itakushow limit ya sasa, ile ya kiwanda, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Heshimu ile ya chini, juu kadi inakataa ukipita. 3060 nyingi haziendi chini ya 100. Alafu sudo nvidia-smi -pl 130, na imekubali. Hapa ndio wasee wengi wanawachia, wanapiga screenshot, wanaenda kulala. Wewe endelea.

Tengeneza faili, iite kadi.service, ikae kwa /etc/systemd/system. Ndani iko na sehemu tatu zenye kila servisi iko nazo. Ya Unit, weka Description yoyote unataka, hata jina la team yako. Ya Service, weka Type=oneshot, juu kazi ni moja na ikiisha imeisha, na chini yake ExecStart=/usr/bin/nvidia-smi -pl 130. Njia nzima, usiandike nvidia-smi pekee ukitarajia itajitafuta. Ya Install, weka WantedBy=multi-user.target. Sevu. Alafu sudo systemctl daemon-reload, na sudo systemctl enable --now kadi.service. Hiyo neno enable ndio roho ya hii maneno yote. Start inaiwasha leo tu. Enable ikiwa na --now inaiwasha leo, kesho, na ile siku transfoma italipuka tena. Ukiwa na kadi mbili na unataka kila moja na namba yake, ongeza -i 0 ama -i 1, na kwa sababu ni oneshot inakubali laini za ExecStart zaidi ya moja.

Sasa kuna jina moja linadanganya watu mob. Inaitwa persistence mode, unaiwasha na nvidia-smi -pm 1. Msee anasoma "persistence", anacheka, anasema imeisha hiyo, limit itakaa. Zii. Kazi yake ni ingine kabisa: inaweka draiva macho hata kama hakuna programu inatumia kadi. Ukiwa na desktop na skrini imechomekwa, draiva iko macho already. Ukiwa na mashine haina skrini, yenye unaingilia kwa SSH ukitrain modeli zako, draiva inaweza lala katikati ya kazi mbili, na ikilala inapoteza limit bila hata stima kuguswa. Huko persistence mode ni lazima. Lakini yenyewe pia inakufa na riboti. So kwa ile faili yetu unaweka laini mbili, ya -pm 1 juu, ya -pl 130 chini. Ama unatumia nvidia-persistenced, ile Nvidia wenyewe wanasema ndio ya kutumia siku hizi. Iwe enabled pia.

Najua wengi wenu mko Windows. Hakuna shida, huku hatubagui. Chombo ni MSI Afterburner, ya bure, na usidanganywe na jina, inakubali kadi za kampuni zingine pia. Slaida ya Power Limit huku iko kwa asilimia, so kwa 3060 ukitaka karibu 130 weka 76. Ukitaka kwenda ndani zaidi bonyeza Ctrl na F uone mstari wa voltaji na spidi, lakini hiyo ni stori ya siku ingine. Slaida ikikaa vile unataka, piga tiki ya kuapply, alafu sevu kwa profaili, kuna nafasi tano. Na hapa, macho hapa: kuna vitu mbili tofauti zenye watu huchanganya. Kuna kuambia Afterburner iwake na Windows, hiyo iko ndani ya setingi zake. Na kuna kuiambia iapply hizo namba ikiwaka, hiyo ni kitufe cha Startup hapo mbele kwa skrini yake. Ukiwasha ya kwanza bila ya pili, programu inaamka vizuri, inakaa hapo chini kwa kona, na haifanyi kitu. Kitufe kikiwaka ndio uko ndani.

Danlodi kwa MSI wenyewe ama Guru3D. Period. Afterburner za feki zimekuwa kwa intaneti, tovuti zinafanana na ya ukweli, ndani kuna kitu inachimba crypto na hiyo kadi yako unajaribu kupumzisha. Ukiingia hiyo mtego, mzee wa ploti atakuwa right: ni virusi. Usimpe hiyo furaha.

Hutaki programu ingine kwa mashine? nvidia-smi iko pia kwa Windows, inakuja na draiva. Fungua Task Scheduler, tengeneza kazi inawaka mashine ikiwaka, weka tiki ya highest privileges, na amri ni ile ile ya -pl 130. Bila hiyo tiki inakataliwa kimya kimya na hutaona.

Alafu kuna Fast Startup, na hii imesumbua watu hadi wakadhani kadi imeharibika. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down, mashine haizimi kabisa. Inaandika roho ya Windows kwa diski, ikiwaka inaisoma tena ndio ionekane iko fasta. Restart ndio inazima kila kitu na kuanza mwanzo. So msee anatest na Restart, iko sawa. Kesho anawasha kutoka Shut down, namba zimehama. Nenda Control Panel, upande wa power options, pale kwa kazi za vitufe, uizime. Ukiwa na SSD hutaona tofauti ya spidi. Ukiwa bado na diski ya kuzunguka, ndugu yangu, hiyo soo tano ya token anza kuisevu.

Mbogi ya AMD, nyinyi mko na drama yenu special. Programu ya Adrenalin inakumbuka setingi, ikiwa mashine imezimwa kwa adabu. Ikiona mashine ilizima vibaya, inaamua ni setingi zako zilisababisha, inafuta zote, inakuwekea ujumbe kwamba imerudisha za kiwanda. Kwa nchi yenye stima haipotei hiyo ni akili. Kwa mtaa, ni kusema kila blakauti ni makosa yako. Dawa ni kuexport hiyo profaili kwa faili mara moja, iko pale kwa Tuning, ndio stima ikirudi unaiload na klik mbili badala ya kuanza kukumbuka namba. Ama uwachie Afterburner hiyo kazi.

AMD kwa Linux ni raha zaidi kama unajua mahali pa kushika. Limit iko kwa faili inaitwa power1_cap, ndani ya /sys/class/drm, chini ya kadi yako, chini ya hwmon. Namba huandikwa kwa mikrowati: wati 130 ni 130000000. Hesabu sufuri vizuri. Shida ni hiyo hwmon iko na namba, na hiyo namba haina uaminifu. Leo ni hwmon3, riboti ijayo ni hwmon4, na skripti yako inaandika kwa nyumba ya mtu mwingine. Kwa skripti weka nyota badala ya namba, ama chukua LACT. Hiyo ni programu ya bure, iko na servisi yake lactd, unaweka limit kwa dirisha na inairudisha kila mashine ikiwaka. Inakubali Nvidia pia, kama hutaki mambo ya kuandika faili. Kuna CoreCtrl pia, ni safi, lakini hiyo inangoja uingie kwa akaunti yako. Ukiwacha mashine irende usiku na iwake yenyewe stima ikirudi, CoreCtrl bado inakungoja kwa mlango.

Wenye laptop, wacha niwaambie ukweli haraka. Nyingi kiwanda kilifunga hiyo limit, nvidia-smi itakwambia haiwezekani na hakuna namba ya kuchapa itabadilisha. Tumia zile mode za kampuni ya laptop, ile ya kimya, ama punguza fremu ndani ya gemu. Limit ya fremu 60 kwa skrini ya 60 inabana kadi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na kuna mafundi mjini wanaitisha thao mbili "ku-optimize" mashine. Ukicheki wamefanya nini, wamebadilisha wallpaper na kuvuta slaida moja bila kuisevu. Umelipa, umefika keja, umewasha, kadi iko 170. Thao mbili. Kwa laini moja ya maandishi yenye sasa unaijua.

Usiamini hadi utest. Na usitest kwa kung'oa waya ukutani, unataka diski yako iishi. Zima mashine vizuri. Zima hadi swichi ya nyuma ya pawasaplai, ngoja kidogo, washa. Kabla ufungue Chrome, kabla ufungue gemu, kabla ujibu mtu WhatsApp, fungua terminali uandike nvidia-smi. Kwa ile tebo, katikati, kuna namba mbili zimetenganishwa na mkwaju: yenye kadi inakula saa hiyo, na yenye inaruhusiwa. Ya pili ikiwa 130, umemaliza, ichape hadi asubuhi. Ikiwa 170, andika systemctl status kadi.service itakushow imekwamia wapi. Mara mingi ni njia ya ExecStart umeiandika nusu, ama ulipiga start ukasahau enable. Rekebisha, zima, washa, cheki tena, alafu tumia mbogi hiyo faili kwa group, kila mtu abadilishe namba ya kadi yake.